Kutoka mkanda mweupe hadi mweusi: mwongozo kwa mtu mzima anayeanza karate

Mtu mzima anayeanza karate huuliza kwanza muda. Kwa anayehudhuria mara mbili au tatu kwa wiki bila kukatisha, mtindo wa Shotokan humfikisha mbele ya watahini wa mkanda mweusi baada ya miaka 3 hadi 5. Mwenye ajira, watoto na misiba ya hapa na pale ajihesabie 5 au 6. Swali linalofaa zaidi, na ambalo haliulizwi, ni hili: unaweza kusahihishwa mbele za watu, kosa lile lile, wiki hadi wiki, na bado ukarudi? Watoto wanaliweza hilo kwa kuwa shuleni wanasahihishwa kutwa. Mtu wa miaka 35 anayesimamia wenzake kazini na kuamkiwa shikamoo nyumbani ameshalisahau. Nimeona vijana wepesi, wenye mateke ya kuogopesha, wakiishia mkanda wa njano, wa ngazi za mwanzo, kwa sababu hiyo tu. Nimeona pia akina mama wenye magoti mabovu wakifika mwisho.

Hatua zilizo hapa ni za Shotokan, mtindo niliofundishwa, unaotokana na Gichin Funakoshi (1868–1957), Mwokinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922. Huenda karibu nawe kuna Goju-ryu, mtindo mwingine wa karate wenye mizizi Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, au judo, ambayo Zanzibar imefundishwa na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka kuanzia miaka ya 1990. Majina ya mbinu na ya kata (mfuatano wa mienendo uliopangwa, unaofanywa peke yako) yatabadilika; mengine mengi yatakufaa hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Chagua dojo kwa macho

Usianze kwa kupiga simu dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, kuuliza bei. Nenda ukakae pembeni utazame darasa zima, kisha urudi siku nyingine utazame tena. Muangalie mwanafunzi dhaifu kuliko wote. Sensei, yaani mwalimu, anamfanyia nini? Akimpita kila safari na kwenda kuwanoa wale wazuri, na wewe utapitwa hivyo hivyo, maana miezi ya mwanzo huyo dhaifu utakuwa wewe. Akimfokea, ondoka. Akisimama, akamrekebisha jambo moja, akaendelea na mstari, kisha akarudi baadaye kuona kama limekaa, hapo pana mwalimu.

Tazama pia ni akina nani wamebaki. Dojo yenye mikanda myeupe arobaini na mikanda ya kahawia (rangi inayotangulia nyeusi) miwili ya watoto inakuambia kitu kuhusu watu wazima waliopita hapo. Tafuta angalau mtu mmoja wa umri wako mwenye mkanda wa kahawia au mweusi, uzungumze naye nje baada ya mazoezi. Atakueleza mambo ambayo mwalimu hawezi kukueleza.

Kisha uliza bila aibu: cheti cha dan, yaani ngazi ya mkanda mweusi, kinatolewa na nani? Shotokan ina vyama vingi duniani. JKA, kilichoanzishwa Japani mwaka 1949, ni kimojawapo. SKIF, kilichotokana na mwalimu wa Kijapani Hirokazu Kanazawa, ni kingine. Vipo vingi zaidi. Kuwa katika chama hiki au kile si neno. Lenye maana ni kwamba sensei aweze kukutajia chama chake, nani alimtahini yeye, na watahini wako watatoka wapi. Mtahini anayetoka nje ya dojo ni kinga yako, kwa sababu hakujui na wala hana ada yako ya mwezi ya kulinda.

Uliza gharama zote kwa pamoja: ada ya mwezi, nguo, ada ya kila mtihani wa mkanda, na ada ya kusajili dan, ambayo huwa kubwa kuliko zote na ndiyo inayowashtua watu mwishoni. Ukiahidiwa mkanda mweusi kwa tarehe maalumu kabla hujapiga hata ngumi moja, unauziwa mkanda. Madukani upo, tena kwa bei nafuu zaidi.

Mwisho, sakafu. Dojo nyingi za kwetu ni kumbi za shule na za jumuiya zenye sakafu ya saruji. Si sababu ya kukataa, ila ujue kwamba magoti na visigino vyako vitalipa, na upange kuvitunza. Dada anayetaka kujua kama hijabu ni tatizo aulize mapema. Kanuni za shirikisho la karate la dunia, WKF, zinaruhusu hijabu iliyoidhinishwa hata katika mashindano, kwa hiyo sensei anayesema haiwezekani anazungumzia dojo yake. Aulize pia wanafunzi wanasahihishwaje, kwa mdomo au kwa kushikwa, na kama anaweza kukataa kushikwa. Jibu lenyewe litamwonyesha kama hapo ni mahali pake.

Hatua ya 2: Maandalizi

Haya ni machache. Mwenye presha, kisukari, pumu au goti lililowahi kufanyiwa upasuaji amwone daktari kwanza, kisha amweleze sensei. Nunua nguo ya karate ya pamba ya bei ya chini, kubwa kidogo, kwa kuwa itapungua ikifuliwa. Kata kucha za mikono na miguu. Vua pete, saa na hereni. Glavu na kinga ya meno subiri mpaka uambiwe.

Hatua ya 3: Miezi mitatu ya kusimama

Wengi wetu tuliijua karate kwenye mabanda ya video, kwa hiyo tunafika tukitaka kuruka. Utakachofundishwa ni kusimama. Msimamo wa kwanza, zenkutsu-dachi, ni mguu mmoja mbele umekunjwa, mwingine nyuma umenyooka. Unaonekana rahisi, ila humo ndimo walimu wanamoona kila kitu. Goti la mbele liwe juu ya mguu na lielekee kunakoelekea vidole. Likiangukia ndani, unalisaga. Upana kati ya miguu uwe sawa na nyonga zako. Ukisimama kama uko juu ya kamba, mtu akikugusa bega unaanguka. Kisigino cha nyuma kikae chini. Uzito uwe zaidi mbele, takriban 60 kwa 40.

Unapotembea kwa msimamo huo, kichwa kisipande na kushuka. Hili litakusumbua kwa miaka. Mwili unapenda kuinuka katikati ya hatua ili kupumzisha mapaja, na kila ukiinuka sensei ataona. Mapaja yatawaka moto. Ndiyo kazi yake.

Utajifunza pia ngumi ya hatua, oi-zuki, na ngumi ya mkono wa nyuma, gyaku-zuki, ambayo nguvu yake inatoka kwenye nyonga inayogeuka na kisigino kinachosukuma ardhi. Vizuizi vitatu au vinne vya mwanzo, teke la mbele, na kata ya kwanza, Heian Shodan, vitafuata. Kata hiyo ina mienendo 21 na inakurudisha pale ulipoanzia. Heian zote tano zinatokana na Anko Itosu (1831–1915), mwalimu wa Funakoshi, aliyeingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20. Zilipangwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule, na pengine ndiyo maana bado zinafundishika hivi. Ukimaliza Heian Shodan na hukurudi pale ulipoanzia, hatua zako za kwenda na za kurudi hazilingani urefu. Kata imekusahihisha yenyewe kabla ya mwalimu.

Hapa ndipo penye mtihani wa mtu mzima. Atakuja kijana wa kidato cha pili mwenye mkanda wa kahawia. Getini amekuamkia, "Shikamoo mzee." Ndani, sensei akimpa kazi ya kukuangalia, atakuambia, "Mzee, goti linaingia ndani." Dakika tano baadaye atarudia. Jibu lako ni "Oss," itikio la heshima la karate, kisha unalirekebisha goti. Usieleze kwamba umelala vibaya, kwamba kiatu cha kazini kinabana, kwamba jana lilikuwa sawa. Kila maelezo unayoyatoa yanamfundisha mtu asikusahihishe tena, na mwanafunzi asiyesahihishwa anazeeka na mkanda wake wa njano. Mkitoka nje yeye ni mtoto na wewe ni mzee, na hakuna heshima iliyopungua.

Hatua ya 4: Weka daftari la makosa

Baada ya kila mazoezi, kabla ya kulala, andika ulichosahihishwa. Usiandike ulichofanya; andika ulichoambiwa. "Mkono wa kuvuta haufiki kiunoni." "Nageuka kabla ya kutazama." "Bega la kulia linapanda kwenye age-uke," yaani kizuizi cha juu. Mstari mmoja au miwili inatosha, na aliyekusahihisha.

Baada ya miezi miwili fungua nyuma usome. Utaona kwamba kati ya makosa thelathini uliyoyaandika, matatu au manne yanajirudia kila mahali. Bega linalopanda kwenye kizuizi ndilo lile lile linalopanda kwenye ngumi na kwenye kata. Chagua moja tu, uende nalo mwezi mzima, mengine uyaache yakae. Wanaotaka kurekebisha yote kwa mkupuo hugeuka mbao.

Daftari hili lina faida nyingine isiyohusu mikanda. Baada ya mwaka wa kuandika makosa yako bila kujitetea, utajikuta ofisini mtu anakosoa ripoti yako nawe unaitafuta kalamu kabla ya kutafuta jibu. Ukiniuliza karate hukuza mtu wapi, nitakuonyesha hapo kabla ya kukuonyesha teke lolote. Hizi habari za "kujiamini" zinazoandikwa kwenye vipeperushi vya dojo ni za kweli kiasi, lakini nimeona waliojiamini wakawa wakorofi.

Hatua ya 5: Nyumbani

Darasa ni mahali pa kupokea masahihisho. Kuyafanyia kazi ni nyumbani. Robo saa kwa siku inatosha ikiwa ni ya kila siku.

Chumba kidogo si kikwazo. Kata ya Tekki Shodan, yenye mienendo 29, huenda kushoto na kulia tu katika mstari mmoja, kwa msimamo wa kiba-dachi, kama wa mpanda farasi, kwa hiyo inaingia kwenye korido ya nyumba ya kupanga. Kwa kata zinazotaka nafasi, vunja vipande: mienendo minne ya kwanza leo, minne inayofuata kesho, ukirudi nyuma hatua moja pale ukuta unapokuzuia. Simama mguu mmoja unapopiga mswaki, goti jingine limeinuliwa kama kwa mae-geri, teke la mbele. Fanya ngumi kumi polepole mbele ya kioo ukitazama mabega tu.

Mwezi wa Ramadhani dojo nyingi za pwani hubadilisha saa: mazoezi mepesi kabla ya kufuturu, au ya kawaida baada ya tarawehe. Kama yako haibadilishi, fanya kata polepole nyumbani, acha kumite (kupigana na mwenzako) na mbio, na usione kama umepoteza mwezi. Kata iliyofanywa polepole huonyesha mahali unapopoteza mizani, jambo ambalo kasi huficha.

Hatua ya 6: Kumite, na hasira yako

Kupigana kunaingia kwa ngazi. Kwanza gohon kumite, hatua tano, shambulio linajulikana. Kisha ippon kumite, hatua moja, bado linajulikana. Kisha jiyu ippon, ambapo mshambuliaji anataja lengo lakini anachagua wakati na umbali. Mwisho ni kupigana huru. Usiharakishe ngazi. Anayerukia kupigana huru na misimamo ya mwezi mmoja hujifunza kukimbia na kufumba macho, na mazoea hayo kuyafuta ni kazi.

Kuna kosa ambalo watu wema hulifanya na wanadhani ni adabu: kumpigia mwenzako ngumi inayopita pembeni ya kichwa ili usimuumize. Mwenzako anakinga hewa, anajiona hodari, siku ya mtihani anakutana na ngumi iliyonyooka. Lenga pua yake, kwa kasi anayoiweza, na uwe na uwezo wa kuisimamisha kabla ya ngozi. Udhibiti huo ndio unaotahiniwa. Ngumi ya uongo ni dharau, hata ikipigwa kwa tabasamu.

Siku moja mtu atakugonga mdomoni kwa bahati mbaya, na damu itapanda. Wewe mwenyewe utaona unachofanya. Wapo wanaotafuta nafasi ya kulipa. Wapo wanaoanza kuogopa na kurudi nyuma darasa zima. Dawa ni moja: simamisha, inama, pumua kwa kutoa hewa ndefu mara tatu, rudi kwenye umbali wako, endelea kwa kasi ya chini kidogo kuliko mwanzo. Mkabili mtu huyo huyo tena kabla darasa halijaisha, ili usiende kulala na jambo lenu. Ila aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu, kichefuchefu au ukungu machoni, mazoezi yameisha siku hiyo, aende hospitali, na asirudi kwenye kumite mpaka daktari aseme. Usimsikilize yeyote anayekuambia ukaze roho.

Mashindano si lazima. Karate iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza katika Tokyo 2020, iliyofanyika mwaka 2021, na Paris 2024 haikuwemo. Vijana wenye ndoto hiyo wana njia yao na walimu wao. Kwa mtu mzima, shindano moja au mawili ya mkoa yanatosha kumwonyesha pumzi yake inakwenda wapi akitazamwa.

Hatua ya 7: Vuka katikati

Mikanda ya mwanzo inakuja haraka na rangi zake zinatamanisha. Rangi hutofautiana kati ya chama na chama, lakini karibu pote ngazi tatu za mwisho kabla ya mweusi, kyu ya 3, ya 2 na ya 1, ni kahawia. Kati ya kijani na kahawia ndipo dojo zinapopoteza watu. Mwili umezoea, makosa yaliyobaki ni madogo na hayaondoki, sensei anasema yale yale. Juu ya hapo ukumbi unakodishwa kwa sendoff kila Jumamosi, kazini umehamishiwa zamu ya jioni, mtoto anaumwa.

Kwanza, usiache kabisa. Kama huwezi siku tatu, nenda siku moja, lakini iwe ile ile kila wiki, na watu wa nyumbani waijue. Mtu anayekuja Alhamisi moja tu kwa mwaka mzima hupita wengi wanaokuja kila siku kwa miezi miwili na kutoweka.

Pili, acha kutazama mkanda kwa muda. Itakusaidia kujua kwamba karate iliishi Okinawa bila mikanda ya rangi. Ngazi za dan zilibuniwa kwenye judo: Jigoro Kano, mwasisi wa judo aliyeanzisha shule yake, Kodokan, mwaka 1882, ndiye aliyezitoa kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata, kwa wanafunzi wake wawili, Shiro Saigo na Tsunejiro Tomita. Funakoshi aliziazima na kutoa dan za kwanza za karate mwaka 1924. Ile hadithi inayosimuliwa kila dojo, kwamba zamani mkanda mweupe haukufuliwa, ukaingia jasho na tope mpaka ukawa mweusi, haina msingi. Fua mkanda wako.

Tatu, omba kosa. Mwendee sensei baada ya darasa umwambie, "Sensei, naomba jambo moja la kufanyia kazi mwezi huu." Walimu wengi huacha kumsahihisha mtu mzima wa mkanda wa kijani kwa kumwonea haya. Ukiomba, unamfungua mdomo. Na ukilileta limekaa mwezi unaofuata, atakupa la pili bila kuombwa.

Hatua ya 8: Mkanda wa kahawia, sasa ni zamu yako

Utapewa mikanda myeupe uiangalie. Utagundua hujui. Unaweza kufanya gedan-barai, kizuizi cha chini, lakini mtu akikuuliza mkono wa kuvuta unaanzia wapi, unalazimika kuifanya polepole ili ujitazame. Hiyo ndiyo faida yako, kwa hiyo usikwepe kazi hiyo ukidhani inakuibia muda wa mazoezi.

Msahihishe mtu jambo moja kwa wakati. Mwambie afanye nini, siyo asifanye nini: "Sukuma goti nje," siyo "Usiingize goti." Mpe nafasi ya kurudia mara kadhaa kabla hujasema tena. Akikosea lile lile kwa mwezi, badilisha maneno yako, maana ya kwanza hayakumfikia. Na akikuzidi umri, tumia heshima ya nyumbani kwenu: "mama," "mzee," "kaka," kisha useme kosa waziwazi. Kulifunika kosa kwa sifa ni kumnyima alichokuja kukitafuta.

Hatua ya 9: Miezi sita kabla ya mtihani

Pata mpango wa mtihani wa chama chako kwa maandishi. Katika vyama vingi vya Shotokan, mtihani wa shodan, dan ya kwanza, una sehemu tatu: kihon (mbinu za msingi), kata na kumite. Kwenye kata unachagua moja kati ya tano, yaani Bassai Dai, Kanku Dai, Jion, Empi au Hangetsu, kisha mtahini anakutajia nyingine kati ya Heian tano au Tekki Shodan. Ile ya pili ndiyo inayoangusha watu. Wamefanya Bassai Dai kila siku kwa mwaka, halafu wanaitiwa Heian Yondan waliyoigusa mara ya mwisho walipokuwa mkanda wa zambarau.

Chagua kata kulingana na mwili wako. Jion, mienendo 47, imenyooka na inafaa mtu mzito mwenye misimamo imara. Empi ina mruko na wepesi, kwa hiyo mwenye goti lenye historia na sakafu ya saruji aiache. Kanku Dai ina mienendo 65, inataka pumzi. Wanaume wengi hukimbilia Bassai Dai, na watahini wameiona ikiharibiwa kwa kila namna. Si sababu ya kuiacha, ila ujue macho yao yamezoea.

Miezi mitatu ya kwanza fanya kata zote sita za mtahini kila wiki kwa mzunguko, na ile yako kila siku. Andika vipande vya karatasi vyenye majina, vichanganye, uchomoe kimoja baada ya kukimbia au kuruka kamba mpaka uhemke, kisha uifanye papo hapo. Mtihani unakuja baada ya saa za kusimama na kihon, hivyo kata unayoijua ukiwa umepumzika tu bado huijui.

Miezi miwili na nusu inayofuata mwalike mtu akutazame, na bora asiwe wa dojo yako. Mwombe akuambie mambo matatu mabaya. Jirekodi kwa simu ukiwa umetoka kwenye kihon. Kutazama video yako mwenyewe ni adhabu, lakini utaona kichwa kinachopanda ambacho umekuwa ukiambiwa tangu mkanda mweupe.

Wiki mbili za mwisho punguza. Hakuna kipya kitakachoingia sasa, na kifundo cha mguu kilichoteguka siku tano kabla kinaharibu kazi ya miaka.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Kula chakula ulichozoea, muda wa saa tatu kabla ya mtihani. Fika mapema, nguo safi iliyopigwa pasi, mkanda umefungwa ncha sawa. Saidia kufagia ukumbi kama unafagiwa, maana wengine watakuwa wamejificha nje wakirudia kata.

Kwenye kihon, sikiliza amri mpaka mwisho kabla ya kusogea. Wanaofeli hapa mara nyingi hufeli kwa masikio. Ukikosea kwenye kata, usisimame, usikunje uso, usimtazame mtahini kuomba huruma: endelea kana kwamba ndivyo inavyofanywa, na ukaze mienendo iliyobaki. Geuza macho kabla ya mwili kila unapobadili upande. Kiai, ule ukelele wa nguvu, itoke tumboni pale inapotakiwa. Kwenye Heian Shodan ni mwendo wa 9 na wa 17. Ukimaliza, kaa katika msimamo wa mwisho ukiwa macho, usilegee kama mtu aliyetua mzigo, kwa sababu bado unatazamwa mpaka uiname na kurudi kwenye mstari.

Kwenye jiyu ippon, taja lengo kwa sauti, tafuta umbali bila haraka, kisha shambulia mara moja na kweli. Unapokinga, subiri shambulio lije. Anayekinga mapema anawaambia watahini kwamba anakariri.

Hatua ya 11: Matokeo

Ukifeli, utaambiwa muda wa kusubiri, ambao katika vyama vingi ni miezi sita au karibu na hapo. Kabla hujaondoka, mwombe mtahini akutajie sababu, uandike kwa maneno yake bila kuyalainisha. Hudhuria darasa linalofuata, lile la kwanza kabisa baada ya mtihani. Ukikosa moja utakosa mawili, na wenzako watakuwa hawajui waseme nini kila mnapokutana mtaani. Ukifika siku ile ile ya kawaida, sensei atakupa kazi na mambo yatakwisha hapo.

Ukifaulu, lipa ada ya usajili mara moja na ufuatilie cheti mpaka ukishike, kisha ukipige picha na kuhifadhi nakala, kwa kuwa ukihamia mji mwingine au nchi nyingine ndicho kitakachokutambulisha. Usiwatangazie majirani. Mtaani mwenye mkanda mweusi unaojulikana huchokozwa na walevi na huitwa kuamua ugomvi usiomhusu, na sheria inaruhusu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari tu, kwa hiyo ujuzi wako unaweza kukugeuka mbele ya polisi.

Utasimama mstari wa mbele, na hapo kuna hatari ndogo: watu wa kukusahihisha watapungua ghafla. Nidan, dan ya pili, katika vyama vingi, inakuja baada ya miaka 2 au zaidi, na wanaoifikia ni wale waliotafuta mtu wa kuwaambia ukweli. Nenda kwenye semina za walimu wa nje, vaa mkanda wako mpya, simama mahali utakapoonekana. Anza na ile kata uliyoikwepa ulipochagua ya mtihani.